Kipa wa Kuazimwa

Siti mwanangu,

Kukuuliza hali itakuwa upuuzi, kwa sababu uko chumba cha pili na nakusikia ukicheka na simu. Dirisha langu liko wazi. Jua la mwisho wa Agosti bado linagoma kushuka nyuma ya maghorofa ya mtaa wetu wa Dixon, na ndege zinapita juu yetu zikienda kutua, kila moja ikinikatisha maneno kama mtu asiye na adabu. Mabegi yako yamejipanga mlangoni. Lile la vifaa vya ukipa linaweza kumeza mtu mzima, na baba yako ameshajikwaa nalo na kuliapiza.

Mambo ya soksi, dawa ya kikohozi na nani wa kumpigia ukikwama ni ya baba yako. Ameyasema vizuri, na kesho garini atayasema upya kana kwamba ndiyo kwanza yamemjia. Mimi nina jambo moja tu. Uliniambia nisije tena kukuangalia ukicheza. Hukuniomba, uliniambia. Tangu siku ile tumekula pamoja, tumefua pamoja, tumekwenda kununua mashuka tukacheka dukani mpaka watu wakageuka, na jambo hilo limekaa katikati yetu kama mgeni asiyeambiwa karibu wala kwaheri. Kesho unaondoka. Nimeamua kuandika kwa sababu nikilisema kwa mdomo nitabishana, nikibishana nitashinda, na hii si mechi ninayotaka kuishinda.

Unanijua. Mama yako ni mtu wa kugombana. Nilianza Ujiji, darasani, kwa kumwambia mwalimu wa siasa kwamba kitabu anachotufundishia amekisoma nusu. Akanichapa. Nikamfungulia nusu ya pili. Hapa Toronto nimeandika makala dhidi ya wachungaji wanaouza maji ya baraka, dhidi ya masheikh wanaouza safari, dhidi ya wanasiasa wanaokuja kula sambusa zetu wakati wa uchaguzi, na dhidi ya vyama vya jamii vinavyomrudisha mwenyekiti yule yule kama vile katiba ni hirizi yake. Watu huniuliza kama sichoki. Sichoki. Mtu aliyesoma vitabu vingi na hana ugomvi na yeyote, huyo alikuwa anatazama picha.

Na unajua kwamba niliandika dhidi ya mchezo wako pia. Makala niliipa jina "Barafu Si Yetu". Nilisema hoki ni mchezo wa watu wa Markham wenye nyumba pana na karakana za kuweka vifaa, na kwamba watoto wetu wa ghorofani wanaitwa kusimama nyuma ya kioo na kupiga makofi. Ilisifiwa sana makala ile. Ilisomwa hata redioni. Na wakati inasomwa redioni, baba yako alikuwa anakupeleka kwa siri kwenye uwanja wa barafu wa mtaani, huku mkiniambia mnakwenda maktaba. Niligundua siku uliporudi kutoka maktaba jicho limevimba.

"Kitabu gani hicho?" nikamuuliza baba yako.

"Kina jalada gumu," akasema.

Sikuifuta makala, wala sitaifuta, kwa sababu karakana ni karakana na bei ya viatu vya barafu ni ile ile. Lakini nilianza kuja. Ulikuwa kipa kwa sababu hakuna mtoto mwingine aliyekubali kusimama mbele ya kile kisahani cheusi kinachokuja kama kimetoka kwenye bunduki. Wenzako walitaka kufunga, wewe ulitaka kuzuia. Nikajiambia, hapo basi, huyo ni damu yangu.

Kisha ukachagua chuo. Kulikuwa na vyuo vya hapa hapa mjini, na wewe ukachagua kile kidogo cha kaskazini ambacho timu yake hata si timu ya chuo, ni klabu ya wanafunzi wenyewe, ndani ya shirikisho la klabu kama hizo za kanda ile. Nikasema, mtoto anatupa kipaji chake shimoni. Na kwa vile mimi sigombani na kitu nisichokisoma, nilikaa nikaisoma historia ya shirikisho hilo zima: magazeti ya wanafunzi, kumbukumbu za mikutano, kurasa za zamani walizoweka wenyewe mtandaoni na kuzisahau. Nilisoma kama wakili anavyosoma faili la upande wa pili. Nilikuwa natafuta silaha.

Nilichokipata sikukitegemea. Shirikisho lilianzishwa na wanafunzi ambao vyuo vyao havikutaka kusikia habari ya hoki. Hakuna kocha wa kulipwa, hakuna basi la chuo. Walikodi barafu alfajiri, saa ambazo mtu mwingine hazitaki, wakavaa vifaa vya kaka zao, wakagawana vyeo: wewe mwenyekiti, wewe shika ratiba, wewe una gari kwa hiyo wewe ni katibu. Chuo jirani kikaona, kikaiga. Wakakutana kwenye mkahawa wa barabarani wakaandikiana mkataba. Mpaka leo kila klabu ina kura moja, na anayeipiga ni mwanafunzi.

Halafu wakafanya kile ambacho kila jamii hufanya ikishapata nguvu: wakagawanyika. Klabu kubwa zikasema zimechoka kusafiri mbali kwenda kuzifunga klabu ndogo mabao ya aibu. Zikajitoa, zikaunda ligi ya wenye uwezo. Hapo nilisoma kwa furaha, nikasema si unaona, hata barafuni kuna matabaka. Lakini nikasoma mbele. Klabu zile kubwa zilicheza zenyewe kwa zenyewe mpaka zikajuana kila ujanja. Moja ikafa. Nyingine ikakosa wa kucheza naye. Zilizobaki zikarudi kimyakimya na kuomba kura zao.

Wasichana waliingia baadaye, wachache, na shida yao kubwa ikawa makipa. Mshambuliaji utampata. Mtu anayekubali kupigwa kwa hiari yake ni adimu. Siku moja timu ngeni ikafika baada ya safari ndefu ya theluji, kipa wao yumo ndani ya gari anatetemeka kwa homa. Kanuni ilisema wenyeji wapewe ushindi. Wenyeji wakasema, tumekuja kucheza, hatukuja kuandikiwa ushindi. Wakawaazima wageni kipa wao wa pili. Binti yule akavaa jezi ya wageni, akadaka kila kilichokuja, wageni wakashinda. Basi moto ukawaka! Msaliti huyu, kwa nini hakuwaachia wenzake hata moja? Wasichana wakalipeleka jambo hilo kwenye mkutano wao wa mwaka na kulifanya sheria. Timu mwenyeji itamwazima mgeni asiye na kipa. Kipa huyo atavaa jezi ya mgeni na atakuwa wa mgeni mpaka kipenga cha mwisho. Na baada ya hapo mtu yeyote asimuulize.

Kipengele hicho cha mwisho nilikipigia mstari. Nimesoma katiba za nchi, za vyama, za misikiti na za majengo ya kupanga, sijaona chenye akili kama hicho. Nilikusomea kwa sauti wakati unakula wali, nikasema, tazama, hawa watoto wamewashinda mabunge. Halafu Aprili nikaenda nikaivunja sheria hiyo mbele ya watu.

Siku ile unaijua kuliko mimi, lakini hujui ilivyokuwa upande wa viti. Klabu ya chuo ulichokichagua ilikuita uje kujaribiwa katika mechi ya kirafiki na chuo cha ng'ambo ya mto. Nafasi ya kipa wa kwanza ilikuwa moja, na mlioitaka mlikuwa wawili. Wageni wakaja bila kipa; kipa wao alikuwa ameteguka kifundo cha mguu. Kapteni wa wenyeji, yule msichana mrefu Meg, akakufuata na jezi ya kijani mkononi. "Vaa hii," akakuambia. "Leo wewe ni wao." Ukavaa bila kuuliza. Mimi nikawaza hivi: Mtoto amekuja kuomba nafasi kwenye timu hii, na sasa ili aonekane anajua, inabidi awazuie hao hao anaowaomba.

Dakika za mwisho, mabao yako sawa. Meg akapokonya kisahani katikati ya uwanja, akaja peke yake mbele yako. Nikapiga hesabu upesi, hesabu ya mzazi, ambayo ni chafu kuliko ya mwanasiasa yeyote niliyemwandika: huyu ndiye kapteni, kauli yake ndiyo nzito, akifunga atafurahi, akifurahi mwanangu anapata. Na nikafanya kosa ambalo sisi watu wa Kiswahili wa mji huu tunalifanya kila siku, ndani ya basi, dukani, kwenye foleni ya daktari. Tunadhani lugha yetu ni chumba chenye mlango. Nikasimama nikapaza sauti:

"Siti! Mwachie! Mwachie huyo, ndiye anayechagua!"

Ulinisikia. Niliona kofia yako ikigeuka kidogo. Halafu ukateleza mbele, ukafungua glovu, kisahani kikazama humo kama jiwe kwenye tope.

"Weye mama!"

Mbele yangu kulikuwa na koti kubwa lenye kofia, mtu amejifunika mpaka machoni kwa baridi ya uwanja ule. Koti likageuka. Ndani yake mlikuwa na mwanamke wa umri wangu.

"Niko nakusikia yote. Uko unamufundisha mutoto wizi?"

"Dada, kumbe unajua Kiswahili?"

"Niko mutu wa Uvira, kule Kongo. Ulifikiri nijue nini, Kichina?" Akakunyooshea kidole kupitia kioo. "Ule mutoto sasa ni wetu. Amevaa jezi yetu. Ukitaka kumusemesha, uniombe mimi ruhusa kwanza."

Mimi, niliyewahi kumnyamazisha profesa mbele ya ukumbi mzima, nikaishia kutaja kwetu. Nikasema tu, "Mimi mtu wa Ujiji."

"Ndiyo maana," akasema. "Mubishi. Kaa chini."

Nikakaa. Mara binti yake Furaha, aliyekuwa mshambuliaji wa hao wageni, akapata kisahani ulichokiokoa wewe na kukipeleka mpaka ndani ya wavu wa wenyeji. Mama Furaha akaruka, akanikumbatia kwa nguvu kabla hajakumbuka kwamba ananikasirikia. Na mimi nilishangilia. Hilo sijawahi kukuambia. Nilishangilia bao ambalo lingeweza kukukosesha nafasi, nikashangilia mpaka sauti ikakauka, kwa sababu ushindi ule ulianzia kwenye glovu yako.

Tulirudi kwa gari. Tulipokaribia mji ukasema, kwa Kiingereza kama kawaida yako, nami nakuandikia kwa lugha yangu: "Mama, pale uwanjani nilijua mimi ni wa nani. Wewe peke yako ndiye hukujua." Kisha ukaniambia nisije tena.

Walikuchukua, lakini nafasi ya kwanza akapewa mwenzako. Wewe ukawa kipa wa pili, yaani wa kuazimwa. Nilikuwa nimeshafungua kompyuta niwaandikie malalamiko ya kuwatoa jasho, nikatazama uso wako. Ulikuwa umefurahi! Ulikuwa umekaa na simu yako unasoma ujumbe wao na kutabasamu kama mtu aliyepewa hasa alichokiomba. Nikaifunga kompyuta. Baba yako hakuamini macho yake, akaniuliza kama nina homa.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kwa nini mtoto wa umri wako aliweza jambo ambalo mimi sikuliweza. Nitakuambia kitu ambacho ulikuwa mdogo mno kukikumbuka. Chini ya jengo letu, kwenye kile chumba cha mikutano chenye zulia la kijani, palikuwa na darasa la Kiswahili la watoto kila Jumamosi. Tulilianzisha pamoja, Watanzania, Wakongo, Warundi, Wakenya wawili watatu. Watoto walijaa mpaka wengine wanakaa madirishani. Ukaja ubishi wa Kiswahili cha nani kifundishwe. Mimi nikasema cha vitabuni, basi. Wazazi wa Kikongo wakasema, na sisi tunachosema nyumbani kiwekwe wapi? Ningeweza kukaa nao. Ningeweza kusema, wiki hii fundisheni nyinyi, mimi nitakaa nyuma niwashikie watoto. Badala yake niliandika makala. Ilikuwa makala nzuri, Siti, ina hoja ambazo mpaka leo hakuna aliyezijibu. Hawakuzijibu kwa sababu waliondoka na watoto wao. Waliobaki walikuwa wachache, wakachoka, na baada ya muda nikawa nafungua mlango wa chumba kile, nawasha taa, nasubiri watoto mimi na wewe peke yetu. Ukaanza kuniuliza kwa Kiingereza kama tunaweza kwenda nyumbani.

Miaka yote nimeandika kwamba Kanada ndiyo iliyowanyang'anya watoto wetu ulimi. Nimeilaumu shule, televisheni, serikali. Wanastahili lawama, siwatoi. Lakini wewe unanijibu kwa Kiingereza kwa sababu nilishinda ule ubishi. Niliwafukuza watoto ambao ungecheza nao, ungetukanana nao, ungetaniwa nao kwa Kiswahili. Nilipata ushindi wa kuandikiwa, ule ambao wasichana wa shirikisho lako waliukataa.

Sikuambii haya ili uwe mpole. Sikukuzaa uwe maji ya uvuguvugu. Gombana, mwanangu. Nasikia zipo klabu zinazotaka sheria ya kuazima ifutwe, zinasema imepitwa na wakati, kila timu ibebe mzigo wake. Ukifika kwenye mkutano wao, simama, sema, piga meza, na ukikwama niite nikuletee hoja za gunia zima. Ninachokiomba ni kidogo kuliko upole. Gombana na mtu kwa namna ambayo kesho atarudi mgombane tena. Mimi nimejifunza hilo na nywele zimeshaingia mvi, na mwalimu alikuwa amevaa kofia ya kipa.

Nimemtembelea Mama Furaha. Kumbe anakaa karibu nasi, vituo vichache tu vya basi. Nilimuuliza kama alipata kumleta Furaha kwenye darasa letu la Jumamosi. Akasema hapana, alitaka, ila aliambiwa pale kuna mama mmoja mukali sana. Nikamwambia mama huyo ameshahama. Akanitazama, akanimiminia chai, akasema, "Hajahama. Niko namuona." Jumamosi ijayo tutakwenda pamoja kuuliza kama kile chumba bado kinakodishwa. Yeye ndiye atakayefundisha kwanza. Najua nitaumia kumsikiliza, na nitakaa nyuma nikiumia.

Barua hii utaisoma polepole, najua. Patakapokushinda, mpigie Furaha amwulize mama yake. Usimpigie baba yako, atakuongezea vitu ambavyo sikuandika.

Nilikuwa nimefika hapa, nataka kukuambia kwamba nakubali. Sitakuja. Nilikuwa nimelipanga vizuri, kwa heshima, bila kulia wala kubembeleza. Ndipo ulipofungua mlango, taulo kichwani, ukasimama. Nimesubiri utoke ndipo niandike yaliyopita, kwa sababu nataka yabaki yalivyokuwa.

"Unaandika makala?" uliniuliza. Kwa Kiswahili.

"Kama makala."

"Ya kumpinga nani?"

"Mtu mmoja wa Ujiji."

"Atajibu?"

"Hana hoja."

Ukacheka. Ukachezea kitasa cha mlango. Kisha ukarudi kwenye Kiingereza chako, ukasema haraka haraka huku unatazama dirishani kana kwamba unaongea na ndege zinazopita: mechi ya kwanza ni Oktoba, wanaokuja ni chuo cha kina Furaha, kipa wao amehitimu na bado hawajapata mwingine. Kwa hiyo utavaa kijani. "Unaweza kuja," ukasema. "Lakini ukae upande wa wageni."

Nilikuwa na la kusema, Siti. Nilikuwa na hoja nzuri, zimejipanga mdomoni kama askari. Kwamba mzazi wa mwenyeji ana haki ya kiti chake. Kwamba mwezi wa Oktoba ni mbali na mtu anaweza kubadilisha mawazo. Kwamba nani atanilinda na Mama Furaha.

"Sawa," nikasema.

Ukasimama kidogo, ukingoja zilizobaki. Hazikuja. Ukafunga mlango taratibu, na sasa nakusikia unamwambia baba yako kwamba mama amesema sawa, na baba yako anauliza sawa gani, sawa tupu?

Sawa tupu. Nenda salama, mwanangu. Oktoba nitakaa bega kwa bega na Mama Furaha, nimevaa kijani, na kwa moyo wangu wote nitaomba chuo chako kifungwe.

Mama yako